Nyavu zisizowalenga zinavyowamaliza papa wa vilindini

PAPA anapotajwa pwani ya Afrika Mashariki, wengi humwaza yule anayekatwa mapande, akatiwa chumvi na kuanikwa juani hadi akawa ng'onda. Wazee nao hukumbuka mafuta ya sifa, yaliyotolewa kwenye maini yake na kupakwa mbao za majahazi. Huyo ni papa wa maji ya karibu, anayejulikana kwa jina, kwa umbo na kwa bei yake sokoni.

Wapo papa wengine ambao mlaji wa ng'onda hajapata kuwaona. Hao huishi chini ya mita 200, mahali ambapo mwanga wa jua hufifia kisha ukatoweka kabisa, na baadhi yao wamepatikana hata kwenye kina cha zaidi ya mita 2,000. Kati ya aina 1,200 hivi za papa, taa na jamaa zao ambazo sayansi inazitambua, karibu nusu ni za vilindini.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba umbali huo uliwakinga. Dhana hiyo sasa imeporomoka. Mwaka 2024, utafiti uliochapishwa katika jarida la Science ulichunguza hali ya aina 521 za papa na taa wa vilindini, na kubaini kwamba aina moja kati ya kila saba inakabiliwa na tishio la kuangamia. Mkosaji mkuu aliyetajwa ni uvuvi.

Hata hivyo, ni wavuvi wachache mno wanaong'oa nanga kwa nia ya kumtafuta papa huyu. Meli nyingi zinazomnasa huwa zinawinda samaki au kamba wenye thamani kubwa zaidi wanaoishi kwenye mteremko wa bahari, yaani pale ambapo sakafu ya bahari huacha maji mafupi ya karibu na bara na kuanza kuporomoka kuelekea kilindini. Nyavu za kukokota huzoa kila kilicho mbele yake. Mishipi mirefu yenye maelfu ya ndoana haichagui anayekula chambo. Nyavu za kutega huendelea kunasa mchana na usiku, na zikipotea chini ya bahari hunasa bila mwenyewe.

Kwa mwenye meli, papa huyo ni mzigo tu. Hutupwa baharini akiwa mfu, au hutolewa maini na mwili wake ukatupwa.

Ili kuelewa ni kwa nini ajali hizo zina madhara makubwa namna hii, ni sharti kutazama maumbile ya mnyama mwenyewe. Vilindini chakula ni haba na maji ni baridi, na viumbe wengi wa huko huishi kwa pole. Hukua polepole, huchelewa kupevuka na huzaa kwa nadra.

Mfano ulio wazi ni jamii inayoitwa na wanasayansi Centrophorus, papa wadogo wa urefu wa mita moja hadi moja na nusu hivi, wenye macho makubwa ya kijani. Jike wa papa wa Harrisson, mmoja wa jamii hiyo anayepatikana Australia na maeneo jirani, hukadiriwa kufikisha miaka 20 na ushei kabla ya kuzaa kwa mara ya kwanza. Hubeba mimba kwa takriban miaka miwili au zaidi, kisha huzaa mtoto mmoja au wawili. Samaki kama tasi au changu hutaga mayai kwa maelfu mengi, na bahari ikimpokonya mvuvi msimu mmoja humrudishia msimu mwingine. Papa wa Harrisson hana hesabu ya namna hiyo. Jike mmoja akinaswa kabla ya kupevuka, miaka 20 ya bahari imepotea pamoja naye bila kuacha mtoto hata mmoja.

Wapo wanaomzidi kwa uvivu wa kukua. Mwaka 2016 watafiti walipima kaboni iliyohifadhiwa katika lenzi za macho ya majike 28 wa papa wa Greenland, jitu la maji baridi ya Atlantiki Kaskazini na Aktiki. Mkubwa kuliko wote, mwenye urefu wa mita tano, alikadiriwa kuwa na umri wa miaka 392, kukiwa na uwezekano wa kuzidi au kupungua kwa miaka 120. Ikiwa kadirio hilo la kati ni sahihi, papa huyo alizaliwa wakati Wareno wangali wanaishikilia Ngome ya Yesu mjini Mombasa. Jike wa aina hiyo hukisiwa kupevuka akiwa na umri wa miaka 150 hivi.

Papa huyu pia hunaswa na meli zinazotafuta samaki wengine. Ni mwaka 2022 tu ambapo Shirika la Uvuvi la Atlantiki Kaskazini-Magharibi, NAFO, lilikubaliana kupiga marufuku kumhifadhi melini anaponaswa katika bahari kuu linayoisimamia.

Kuna sifa nyingine ya kimaumbile ambayo imewageukia papa hawa kuwa balaa. Papa hana kibofu cha hewa kinachowasaidia samaki wengine kuelea. Badala yake, yule wa vilindini ana ini kubwa mno lililojaa mafuta mepesi kuliko maji, na kwa baadhi yao ini hilo hufikia robo ya uzito wa mwili mzima. Mwaka 1906 mkemia wa Kijapani, Mitsumaru Tsujimoto, alitenga kutoka kwenye mafuta hayo kiini ambacho baadaye kilipewa jina la skwalini. Kiini hicho hulainisha ngozi bila kuacha utando wa mafuta, hivyo watengenezaji wa vipodozi walikipenda. Kadhalika hutumiwa katika baadhi ya chanjo ili kuamsha kinga ya mwili.

Hapa ndipo neno "bahati mbaya" linapoanza kupoteza maana yake. Papa aliyenaswa bila kukusudiwa, lakini ambaye ini lake lina mnunuzi anayesubiri bandarini, hampi nahodha sababu ya kuhama eneo hilo. Utafiti wa mwaka 2024 ulieleza kwamba thuluthi mbili za aina zilizo hatarini zimewahi kutumiwa katika biashara ya mafuta ya maini.

Kisa kilichochunguzwa kwa makini kuliko vingine ni cha pwani ya mashariki ya Australia, katika jimbo la New South Wales. Uvuvi wa kukokota nyavu kwenye sehemu ya juu ya mteremko wa bahari ulishika kasi huko katika miaka ya 1970. Kwa bahati njema, mnamo 1976 na 1977 meli ya utafiti iitwayo Kapala ilikokota nyavu katika maeneo kadhaa ya mteremko huo, na mabaharia wake wakaandika kwa uaminifu kilichopatikana. Miaka 20 baadaye, mnamo 1996 na 1997, meli hiyo hiyo ilirejea mahali pale pale, ikavua kwa namna ile ile.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2001, na yaliwashtua hata waliokuwa wakitarajia mabaya. Papa wa Harrisson na mwenzake, papa wa kusini, walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 99. Maeneo ambayo zamani yalijaa papa hao yalitoa mmoja mmoja, au yalikosa kabisa. Kati ya papa wadogo wa mteremko, ni aina moja tu iliyokuwa bado tele.

Ni vigumu kutia chumvi umuhimu wa ule uchunguzi wa kwanza. Mahali pengi duniani meli za biashara zilifika vilindini kabla ya wanasayansi, na hakuna ajuaye papa walikuwa wangapi kabla ya wavu wa kwanza kuzamishwa. Idadi ikiporomoka bila kuwepo kipimo cha awali, mvuvi anayeanza kazi leo hudhani bahari ilikuwa hivyo tangu enzi. Hapa ushahidi uliwekwa kabla ya hasara kutokea, na hapakuwa na nafasi ya kubisha.

Hata hivyo, hatua zilichukua muda. Mwaka 2012 mamlaka ya uvuvi ya Australia ilitoa mkakati wa kuwanusuru papa wa mteremko wa juu, na mwaka uliofuata aina hizo mbili ziliingizwa katika orodha ya kisheria ya viumbe wanaotegemea mpango wa hifadhi ili wasiangamie. Sehemu kadhaa za mteremko na milima iliyo chini ya bahari zilifungwa kwa uvuvi wa aina fulani, na wavuvi wakakatazwa kuwahifadhi papa hao melini. Makubaliano hayo yaliacha wengi wakinung'unika pande zote. Wenye meli walipoteza maeneo yao ya kazi, nao wahifadhi wakalalamika kwamba yaliyofungwa hayatoshi.

Maeneo ya kufungwa hayakuchaguliwa kwa kukisia. Wanasayansi wa shirika la utafiti la serikali, CSIRO, waliwafunga papa wa kusini vifaa vidogo vya kutoa mawimbi ya sauti katika eneo lililofungwa karibu na jimbo la Australia Kusini, kisha wakategea vipokezi sakafuni mwa bahari. Ilidhihirika kwamba mchana papa hao hukaa chini zaidi, na usiku hupanda mteremko kutafuta chakula. Kwa hiyo, eneo linalofungwa katika kina kimoja tu halimkingi papa huyu. Atakuwa salama mchana, kisha atapanda ngazi usiku na kukutana na ndoana huko juu. Ni sharti mteremko wote anaotembelea ufungwe.

Watu wengi wakisikia habari hizi huuliza swali moja la busara: mbona wasirudishwe majini wakiwa hai? Jibu linasikitisha. Ni kweli kwamba papa, kwa kukosa kibofu cha hewa, hapasuki ndani anapopandishwa ghafla kama wapasukavyo baadhi ya samaki. Lakini anatolewa kwenye giza na baridi akiwa amechoka kwa kujipapatua, anapitishwa kwenye maji ya uvuguvugu, kisha analazwa juani kwenye sitaha.

Watafiti waliofanya kazi katika visiwa vya Bahamas walichapisha mwaka 2017 matokeo ya jaribio la kuwanasa papa wa vilindini kwa mshipi, kuwarudisha chini na kuwatazama kwa saa 24. Takriban nusu ya papa wa aina moja ndogo walikufa. Kwa papa wa jamii ile ya Centrophorus, waliokufa walizidi asilimia 80. Hao walishikwa na watu waliokusudia wapone. Kwenye meli ya kukokota, ambako papa hubanwa chini ya tani za samaki wengine kwa saa kadhaa, hali haiwezi kuwa nafuu.

Hivyo basi, agizo la kuwarudisha papa majini, ambalo serikali nyingi hulipenda kwa kuwa halimgharimu mtu, huwa na maana ndogo likisimama peke yake. Linaondoa faida ya kuuza maini, na hilo si jambo dogo, lakini halimwondoi papa kwenye ndoana. Kinachomnusuru ni kutonaswa.

Ulaya imelipitia funzo hilo kwa njia yake. Katika miaka ya 1990 meli za kukokota, hasa za Ufaransa, zilivua kwenye miteremko iliyo magharibi mwa Scotland na Ireland, na nyama ya papa wa vilindini ikauzwa sokoni kwa jina la "siki", ambalo kwa masikio ya Mswahili lina ladha nyingine kabisa. Jina hilo moja lilijumuisha aina mbili, papa wa Kireno na mwenzake wa jamii ya Centrophorus, bila kuzitenganisha katika takwimu. Nyavu za kutega nazo ziliachwa majini kwa siku nyingi, nyingine zikatelekezwa huko huko.

Mwaka 2006 nyavu za kutega chini ya mita 200 zilipigwa marufuku katika bahari kuu ya kaskazini-mashariki mwa Atlantiki. Mwaka 2010 Umoja wa Ulaya ulishusha kiasi kinachoruhusiwa cha papa wa vilindini hadi sufuri, na mwaka 2016 ukakataza kukokota nyavu sakafuni chini ya mita 800. Mwaka 2022 maeneo 87 yaliyo kati ya mita 400 na 800 yalifungwa ili kulinda makazi dhaifu ya sakafuni.

Hatua ya sufuri ilikuwa na kasoro yake. Papa waliendelea kunaswa, ila sasa walitupwa baharini kimyakimya, na wanasayansi wakapoteza sehemu kubwa ya takwimu walizokuwa wakizipata bandarini. Kanuni ya mita 800 ina nguvu zaidi kwa kuwa haimtegemei nahodha kutambua aina ya papa wala kusema kweli. Meli ina chombo cha kufuatiliwa mahali ilipo, na kina cha bahari kinajulikana kwenye ramani.

Waandishi wa utafiti wa mwaka 2024 wangependa mpaka huo wa mita 800 uenee duniani kote. Wanasema theluthi moja ya aina zilizo hatarini ingepata kimbilio la maana. Lakini ni theluthi moja tu. Papa wa Harrisson na wenzake wengi huishi zaidi kati ya mita 200 na 800, yaani juu ya mpaka huo, na kwao hapana budi kufunga maeneo mahsusi kama walivyofanya Waaustralia.

Bahari ya Hindi haikusazwa. Visiwa vya Maldives vilianza kuvua papa wa vilindini kwa ajili ya mafuta ya maini mwaka 1980. Mavuno yalifikia kilele katika miaka michache tu ya mwanzo, kisha yakaporomoka, na kufikia mwanzoni mwa karne hii uvuvi huo ulikuwa umekufa wenyewe kwa kukosa papa. Mwaka 2010 nchi hiyo ilipiga marufuku uvuvi wa papa wote. Hata hivyo, mnamo 2025 serikali yake ilitangaza mpango wa kufungua tena uvuvi wa papa wa vilindini, ikitaja mahitaji ya wavuvi, na hatua hiyo ikapingwa vikali na wahifadhi. Hoja ya wavuvi si ya kupuuzwa, kwani visiwani hakuna mashamba ya kurudi. Lakini hesabu ya papa anayezaa baada ya miaka mingi haibadiliki kwa sababu mahitaji ya binadamu yamebadilika.

Kusini zaidi, katika bahari kuu isiyo ya taifa lolote, meli za mbali ziliwahi kumwinda papa wa Kireno. Nchi zilizo katika Mkataba wa Uvuvi wa Kusini mwa Bahari ya Hindi, SIOFA, ambao ulianza kutumika mwaka 2012, zimepiga marufuku nyavu kubwa za kutega za vilindini na, mnamo 2019, zikazuia uvuvi wa makusudi wa aina kadhaa za papa wa vilindini. Wanaonaswa bila kukusudiwa wangalipo.

Upande wa biashara kumekuwa na nafuu kiasi. Skwalini hupatikana pia katika mafuta ya zeituni, na siku hizi hutengenezwa kutokana na miwa kwa msaada wa hamira. Mwaka 2008 kampuni za Unilever na L'Oréal zilitangaza kuacha ile ya papa katika vipodozi vyao. Mwishoni mwa mwaka 2025, mkutano wa mkataba wa CITES uliofanyika Samarkand, Uzbekistan, uliiingiza jamii ya Centrophorus katika Kiambatisho cha Pili. Hiyo si marufuku. Nchi inayouza bidhaa zake nje inapaswa kuthibitisha kwamba biashara hiyo haihatarishi uhai wa papa hao.

Afrika Mashariki inaingiaje hapa? Ushahidi kwamba nyavu za huku hufikia viumbe wa vilindini umekuwepo tangu mwanzoni mwa karne hii, ingawa aliyeleta habari hakuwa papa. Mwaka 2001 meli ya kukokota nyavu ilimnasa silikanti karibu na Malindi. Huyu ni samaki wa kale ambaye wanasayansi walidhani ametoweka pamoja na dinosau, hadi alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938. Kuanzia mwaka 2003 silikanti walianza kunaswa Tanzania, kwanza eneo la Songo Mnara huko Kilwa na baadaye kwa wingi Tanga, katika jarife zilizotegwa kwenye maji marefu kuwatafuta papa. Hifadhi ya bahari ilitangazwa Tanga mwaka 2009 kwa ajili yake.

Silikanti alipata bahati ya kuwa na sura ya ajabu, hivyo kila aliyenaswa alizua gumzo. Papa mdogo wa kijivu mwenye macho ya kijani hazui gumzo lolote. Akifika gatini huandikwa "papa" katika daftari, pamoja na papa wengine wote.

Kenya, ambayo mnamo Novemba 2018 ilikuwa mwenyeji wa kongamano la kimataifa la uchumi wa majini jijini Nairobi, imekuwa ikiwahimiza wavuvi wake waache maji ya karibu yaliyochoka na kwenda mbali zaidi. Si ushauri mbaya, maana miamba ya ufuoni imeelemewa. Lakini kwenda mbali huweza pia kuwa kwenda chini, na kwenye ukingo wa mteremko, kama vile ule ulio nje ya eneo la North Kenya Banks, mshipi wa kuvulia samaki wa bei hupita mlangoni mwa papa hawa.

Mambo yanayoweza kufanywa mapema hayahitaji fedha nyingi. Daftari la gatini linaweza kuwa na safu ya aina ya papa na nyingine ya kina alikonaswa. Waangalizi wanaopanda meli za viwanda wanaweza kufunzwa kutofautisha papa wa vilindini, kazi ngumu kwa kuwa wengi wao wanafanana hata wataalamu hulazimika kutazama meno, miiba ya mapezi na magamba yao. Na kabla ya leseni za kuvua kwenye mteremko kuongezwa, meli ya utafiti inaweza kupita huko mara moja, kama Kapala ilivyopita mwaka 1976, na kuandika kilichopo.